Mara Tano ya Nini

Ukimuuliza Mwalimu kituo cha reli kiko mbali kiasi gani, hakukujibu. Alikuuliza yeye: "Mbali kutoka wapi?" Ukisema kutoka hapa, alitaka kujua hapa ni wapi, maana hapa uliposimama wewe na hapa alipokaa yeye si mahali pamoja. Wageni walimwona mkorofi. Sisi tuliokulia Ipuli, hapa Tabora, tulishamzoea, tulitaja kwanza tulipo ndipo tukauliza tuendako. Mpaka leo nikiwa sokoni kwenye meza yangu ya asali, mteja akinipigia simu na kusema, "Niko hapa karibu," damu inanichemka. Karibu na nini, baba?

Ameshatutoka, Mungu amrehemu, kwa hiyo namsimulia bila woga wa kusahihishwa katikati ya sentensi. Alinifundisha Jiografia sekondari, na alipostaafu akaendelea kutufundisha mtaani bila kuombwa. Jina lake watu walishaliacha zamani. Hata marehemu mumewe alimwita Mwalimu, tena mezani, wakati wa kula. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mtandio ameufunga kwa haraka siku zote, utadhani anakimbilia basi, ingawa sijapata kumwona akiwahi kitu chochote. Hilo la kuchelewa nitalirudia, maana ndilo lililomgharimu.

Darasani alikuwa na mtindo wa kutuita kwa sayari. Aliyekaa mbele karibu na meza yake alikuwa Zebaki, na mimi niliyejificha nyuma kabisa nikawa Neptuni. Jina hilo limenigandia. Nina wajukuu sasa, lakini alipopita sokoni aliniita kwa sauti mbele ya wateja: "Neptuni, asali yako leo ina maji?" Nilimpenda na nilimwogopa kwa wakati mmoja, na sioni aibu kusema hivyo.

Somo lake la Jua na sayari silisahau. Aliingia, ameshachelewa, akaandika ubaoni umbali wa kutoka Jua hadi Dunia kwa kilomita. Milioni mia moja na hamsini, kasoro kidogo. Sufuri zikatembea mpaka ukingo wa ubao. Akatugeukia.

"Nani ameuelewa umbali huu?"

Tukainamia madaftari.

"Hata mimi sijauelewa. Hakuna kichwa cha binadamu kinachouelewa." Akachukua dasta akafuta zote. "Kwa hiyo tuuite moja."

Akaandika moja, kubwa, peke yake. Hiyo moja, akasema, ndiyo kizio astronomia. Ukishakuwa nayo mbingu zinaingia mfukoni. Zebaki ni chini kidogo ya nusu. Zuhura ni kama saba ya kumi. Mirihi moja na nusu. Mshtarii tano na ushee, Zohali tisa na nusu, Urani kumi na tisa, Neptuni thelathini. "Umbali si wa kuogopa," alipenda kusema, "ni wa kugawanya."

Mwenzetu mmoja, mtoto wa watu wa Nzega, akauliza kwa nini wataalamu wachague umbali wa Dunia ndio uwe moja, wasichague wa Zohali. Mwalimu alifurahi mpaka akakaa juu ya meza. Akamjibu kwamba kila mtu hupima kutoka kwao. Babu zetu waliopita njia hii na mizigo kichwani, kwenda pwani na kurudi, hawakuulizana maili. Waliulizana vituo. Kituo kilikuwa mwendo wa asubuhi moja, kutoka maji hadi maji, na mpagazi aliyekwambia Ujiji iko vituo kadhaa alikuwa amekwambia yote uliyohitaji: utalala wapi, utakunywa nini. "Basi na sisi binadamu wote," akasema, "tumepima mbingu kwa mwendo wa kwetu."

Kwa kuwa maneno peke yake hayakumtosha, alizipanga sayari njiani. Hapa lazima nimlete mdogo wake, maana kazi ile waliianza wawili.

Baba yao aliwaachia viwanja viwili Ipuli, na katikati yake pana urefu wa uwanja wa mpira na zaidi kidogo. Kimoja akajenga Mwalimu, cha pili akajenga mdogo wake, mshonaji wa foronya na mashuka ya maua, mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mikono isiyotulia. Sisi tulimwita Ma'mdogo. Ma'mdogo ndiye aliyeishi na mama yao mzee. Siku moja Mwalimu akachukua kamba za katani, akaziunga. Yeye akashika ncha moja mlangoni kwake, Ma'mdogo akashika ya pili mlangoni kwake, wakakaza, wakakata. Urefu ule ukawa kizio kimoja. Mlango wa Mwalimu ukawa Jua, mlango wa Ma'mdogo ukawa Dunia, na kila mlango ukapata jiwe lake lililopakwa chokaa.

"Kwa nini wewe ndiye uwe Jua?" Ma'mdogo alimuuliza.

"Kwa sababu mimi ndiye mkubwa."

"Lakini watu wanaishi kwangu, Dada."

Kisa hicho Mwalimu alitusimulia darasani mara nyingi, na kila mara alicheka yeye kwanza.

Kwa kamba ile alitutoa shule tukapima njia ya kuelekea Kwihara. Tuliibeba mabegani, tukainyoosha mchangani, tukaikunja na kuinyoosha tena. Jiwe la Mshtarii likaangukia mbele ya mashine ya kusaga. La Zohali likawa kisimani. La Neptuni lilikuwa mbali, nyumba zimeshakwisha, mashamba ya karanga yameanza, na tulipofika huko tulikuwa hoi. Mwalimu akatuonyesha tulikotoka, akasema huko nyuma ndiko kwenye joto.

Watu wa njia ile wakayapokea mawe kwa namna yao. Vijana wa bodaboda wakaanza kuulizana, "Unashuka Mshtarii au unafika Zohali?" Akina mama walioteka maji walikwambia wametoka Zohali bila hata kutabasamu. Kuna bibi mmoja wa Kwihara aliyeniambia kwa uhakika kabisa kwamba jina hilo ni la Kinyamwezi cha zamani. Nilipompelekea Mwalimu habari hiyo, alicheka akafuta machozi, akasema mwacheni, ameshalifanya la kwao.

Sasa nifike kwenye lile lililomgharimu.

Mwalimu alichelewa kila mahali. Yeye aliyekukatalia neno "karibu" alifika harusini chakula kimekwisha, alifika stesheni treni imeondoka, na kila mara alikuwa na sababu nzuri. Alikuwa akifundisha. Kulikuwa na mtoto hajaelewa, na Mwalimu hakuweza kuondoka mbele ya mtu ambaye hajaelewa. Ukimlaumu alikasirika kweli, na neno "nimechelewa" halikutoka kinywani mwake. Alisema, "Nilikuwa na kipindi."

Siku mama yao alipozidiwa, Ma'mdogo alituma mtu shuleni. Mwalimu alikuwa darasani na chaki mkononi. Akamwambia yule mtu, "Mwambie nakuja, nimalize kipindi." Akamaliza kipindi. Alipofika nyumbani kwa mdogo wake, mama alikuwa ameshafunikwa shuka, moja ya zile za maua.

Ma'mdogo, yule mkimya, akasema mbele ya watu wote waliokuwa mlangoni: "Umejua umbali wa nyota zote, Dada. Umbali wa kitanda cha mama ukakushinda."

Nilikuwepo. Niliona uso wa Mwalimu, na sitaki kuueleza. Tangu siku ile hawakusemezana. Miaka ikapita, watoto wa mtaa wakazaliwa wakakua wakijua kwamba Jua na Dunia wamenuniana. Mtu akifiwa, mmoja alikuja asubuhi na mwingine jioni. Shehe wa msikiti alikwenda kumkumbusha Mwalimu dini inasemaje juu ya ndugu kukatana. Akamsikiliza kwa adabu, akampa kahawa, kisha akamuuliza msikiti uko mbali kiasi gani kutoka hapo. Shehe akaelewa, akaaga.

Kilichoniuma mimi ni masomo ya njiani. Hata baada ya kustaafu, watoto wa shule walikuja likizo awatembeze kwenye mawe. Aliwaanzisha kwake, kwenye Jua, akawapitisha Zebaki na Zuhura, halafu akakata kushoto, akazunguka nyuma ya nyumba za watu, akaibukia Mirihi. Mtoto akiuliza Dunia iko wapi, alijibu, "Dunia mnaijua, mnaishi humo." Na hakugeuza kichwa.

Lakini lile jiwe mlangoni kwa Ma'mdogo halikupata kuchakaa. Mengine yote tuliyapaka chokaa sisi, Mwalimu akituhimiza. La Dunia, kila Idi ikikaribia, ungelikuta jeupe. Mwalimu, aliyeuliza kila kitu duniani, hakuwahi kuuliza nani analipaka.

Nilimsikia mara moja tu akilikaribia jambo lile, tena kwa kupitia mbinguni. Tulikuwa uani kwake tunachambua maharage, akaanza kunieleza Dunia haizunguki Jua kwa umbali ule ule mwaka mzima. Kuna miezi inasogea, kuna miezi inajitenga. Kizio ni wastani wa kukaribia na kujitenga kwake.

"Kwa hiyo hata hiyo moja yetu haijatulia," nikasema.

"Haijatulia. Ila haijapata kukatika." Akaendelea na maharage, na mimi nikajifanya sijaona alivyokuwa akiweka mabovu kwenye sufuria na mazima chini.

Miaka yake ya mwisho macho yalianza kuingia ukungu na magoti yakamkatalia safari. Ndipo greda lilipokuja kutengeneza barabara. Lilisukuma vifusi pembeni, na mawe yote yakaenda navyo, kuanzia Zebaki mpaka Neptuni. Dereva hakuwa na kosa. Nani angemwambia kwamba anang'oa Zohali? Yakabaki mawili tu, kwa sababu yalikuwa ndani ya nyua za watu, lile la Mwalimu na lile la Ma'mdogo.

Nilikwenda kumpa habari nikitegemea atalia. Hakulia. Alikuwa ameshaamua.

"Tutayaweka upya. Wewe, Neptuni, ingia stoo unitolee kamba."

Niliingia stoo. Nikaikuta pale pale alipoitundika, nikaishika, ikamwagika mkononi. Mchwa. Mchwa wa Tabora wameshakula milango na mihimili ya nyumba nzima, kamba ya katani watashindwaje. Nilitoka na konzi ya vumbi, nikampa, maana sikujua nifanye nini kingine. Akalipapasa, akalinusa.

"Unajua," akasema, "wataalamu wa zamani yaliwakuta haya haya. Walijua kabisa kwamba Mshtarii ni mara tano na ushee. Hesabu ilikuwa safi, hakuna aliyebisha. Ila kwa miaka mingi sana hawakujua mara tano ya nini. Ile moja hawakuwa nayo." Akakung'uta vumbi kwenye kanga. "Ndiyo hali yangu. Nazijua zote, na moja sinayo."

Hapo sikujizuia. Nikamwambia ile moja ipo, haijaliwa na mchwa, imelala kati ya mlango wake na mlango wa mdogo wake. Nikamwambia na lingine, ambalo mtaa mzima ulishalijua isipokuwa yeye: Jumamosi Ma'mdogo anahama. Mwanawe analima tumbaku Urambo, anamchukua mama yake akakae naye, na nyumba imeshapata wapangaji. Wapangaji hawatunzi mawe ya watu.

"Jumamosi hii?"

"Hii hii."

Akasema nikapime mimi. Nikamwambia kamba inataka watu wawili. Akasema nitafute mtu yeyote wa kushika upande wa pili. Basi nikaenda kwa Ma'mdogo kuomba ruhusa. Nilimkuta amekaa chini kati ya maboksi, akikunja mashuka.

"Shikamoo, Ma'mdogo."

"Marahaba. Amekutuma?"

"Anataka kupima. Kamba imeliwa na mchwa. Anaomba mtu ashike ncha hapa mlangoni."

Akakunja shuka moja, akakunja la pili. "Ncha ya mlango huu niliishika mimi," akasema. "Mwambie sijafa."

Nikarudi na maneno hayo kama yalivyo. Mwalimu aliyapokea, akaniambia niende nyumbani, ana kazi. Hakuwa na kazi yoyote. Mimi nikaenda zangu nimekata tamaa, na nakiri usiku ule niliwachukia wote wawili.

Jumamosi asubuhi kabla sijafungua meza, akanipigia simu. "Nunua kamba. Ndefu. Na usichelewe." Yeye, kuniambia mimi nisichelewe.

Katani haikupatikana sokoni, nikanunua ya nailoni ya bluu. Nilipofika, roli la mtoto wa Urambo lilikuwa limeshapakiwa nusu kwa Ma'mdogo. Mwalimu alikuwa mlangoni kwake, kwenye kiti, miguu pande zote mbili za jiwe la Jua, mtandio umefungwa vizuri kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Aliipapasa kamba akakunja uso.

"Hii inavutika. Akivuta mwenye nguvu inakuwa ndefu, akivuta mchovu inakuwa fupi. Utapimaje kwa kitu kama hiki?"

"Ndiyo iliyopo, Mwalimu."

Akaishika ncha. Nikatembea na bunda naikunjua, nikapita pale palipokuwa Zebaki, nikapita palipokuwa Zuhura, nikafika. Ma'mdogo alikuwa ameshatoka nje, anangoja. Alipokea ncha, akapiga goti moja chini, akaiweka juu ya jiwe lake jeupe. Mimi nikarudi nikasimama katikati, kamba nimeinyanyua isishike miiba.

"Mwambie akaze," Mwalimu akaniambia kwa sauti, kana kwamba mwenzake yuko Kigoma.

"Anasema kaza, Ma'mdogo."

"Mwambie nikikaza itavutika. Alegeze kwanza yeye."

"Anasema ulegeze, Mwalimu."

"Mwambie nilivyoshika ndivyo."

Wapakiaji wa roli walikuwa wameacha kazi wanatazama. Mimi mkono umeanza kuuma, nimegeuzwa simu ya watu wazima. Nilijua roli likiondoka na hali ile basi imekwisha, hakutakuwa na siku nyingine.

Ndipo Ma'mdogo akaacha kupitia kwangu. Alipaza ile sauti yake ndogo juu ya kichwa changu: "Dada, si hivyo! Unaipinda. Inyanyue mkono wako wa kulia."

Mwalimu akanyanyua mkono wa kulia. Upesi, kama mwanafunzi.

"Sasa?" akauliza.

"Sasa sawa. Usitikisike."

Kamba ikanyooka mkononi mwangu, nikaisikia imetulia. Nikafungua kinywa niwaambie tufunge fundo pale pale, tumeipata. Ikalegea ghafla. Nilidhani imekatika. Nikageuka, nikamwona Ma'mdogo ameinuka kwenye jiwe lake na anakuja, anaizungushia kamba kati ya kiganja na kiwiko, mzunguko juu ya mzunguko, mwendo wake ule ule wa pole. Akanifikia, akaitoa kamba mkononi mwangu, akanipita.

Mwalimu kwa macho yale hakuona vizuri, alihisi tu ncha yake imekosa uzito. "Mbona imelegea? Neptuni! Nani anaharibu kipimo?"

"Kipimo ninacho," akasema Ma'mdogo, na sauti ilikuwa imeshakaribia. "Nimekishika kwa kidole, badala ya fundo."

Ma'mdogo akaendelea kukunja mpaka kamba ikaisha, ikabaki ile ncha iliyokuwa mkononi mwa dada yake. Akasimama mbele ya jiwe la Jua. Nilimwona Mwalimu akifungua kinywa, nikajua kinachokuja, nimekisikia maisha yangu yote: nilikuwa na kipindi.

"Nilichelewa, mdogo wangu," akasema.

"Ulichelewa," Ma'mdogo akajibu. Akaweka lile bunda la bluu kwenye mapaja ya dada yake, kidole bado kimebana mahali pake. "Hebu sogea, nikae."